Sikio la Dada

"Udaktari gani huo usiotibu hata mafua," nilimwambia dada, "halafu bado unanitolea kochi langu nje?"

Alikuwa ameshika upande mmoja wa kochi, mimi nimekalia upande wa pili, na yeye anavuta tu kana kwamba mimi ni mto uliosahaulika. Mama akatokea jikoni na mwiko mkononi, akaniambia niache ubishi wa asubuhi, dada anaihitaji sebule, kochi halitakufa likishinda uani siku moja. Nikamwambia likinyeshewa yeye ndiye atakayeongea na mteja mwenye kochi. Akasema mvua hakuna. Ndiyo nyumba yetu hiyo. Dada akitaka jambo, hata mawingu yanatulia.

Dada yangu ni mshauri wa wanafunzi kwenye shule moja ya sekondari. Ana chumba kidogo kilichopakana na stoo ya madawati, na viti viwili vilivyokaa mshazari ili mtu asijione anahojiwa na polisi. Mtoto akigombana na baba yake, au akiona dunia imemkataa, anaenda kukaa pale. Siku moja alinipeleka nikatengeneze kiti kimoja, kile cha wageni. Nikiwa katikati ya kazi akaingia binti analia, dada akanitoa nje na kiti bado hakina mgongo. Nikasimama kwenye korido na sponji kwapani, wanafunzi wanapita wananicheka.

Ana shahada ya kwanza, ana ya pili, na sasa alikuwa anaomba chuo cha mbali akasome ya uzamivu, aitwe daktari, ili arudi kuwafundisha hao wanaotaka kuwa washauri. Mimi shule niliiacha kidato cha pili. Sikufukuzwa wala nini, makalio tu yalikataa benchi. Nikaingia kwenye ufundi wa makochi. Nawatengenezea watu pa kukaa, mwenyewe sikai.

Sasa ukiniuliza kama namwonea dada wivu, jibu ni ndiyo, sitazunguka mbuyu. Lakini vyeti vyake abaki navyo, mimi hata ukinipa nitafunikia ndoo. Kinachoniuma ni kwamba kila anayemjua anamsifia masikio. Muuza mkaa anasema dada yako anajua kusikiliza. Mke wa jirani anasema ukimaliza kuongea naye unajisikia mwepesi. Mimi ninayelala chumba cha pili, ananiuliza kama nimefunga geti.

Basi, siku hiyo ilikuwa ya mwisho kutuma maombi. Barua za walimu wake wa zamani zilishafika, maelezo yake alishayaandika na kuyafuta mpaka mama akayajua kwa kichwa. Kilichobaki ni kitu kimoja. Chuo kilitaka kusikia sauti ya kikao chake na mtu mzima, kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kukatwa popote, halafu aandike mwenyewe ni wapi alikosea. Wanafunzi wake hawezi kuwatumia, siri zao hazitoki pale shuleni. Mwalimu wa hesabu aliyeahidi kukaa naye alimpigia asubuhi hiyo akasema roho yake imesita.

"Nitakaa mimi," nikasema. Nilisema kama utani, lakini haukuwa utani.

"Wewe siwezi."

"Kwani mimi sina matatizo?"

"Unayo mengi, mdogo wangu. Ila kazi yetu hairuhusu ndugu. Ukinidanganya nitajua, na ukisema kweli nitakasirika."

Mama akacheka. Mimi sikucheka. Ndipo mama, kwa ule wema wake unaoniponza kila siku, akauliza kwa nini asikae yule mwenzangu wa kazini, si yuko hapo uani.

Mwenzangu huyo tunamwita Misumari. Fundi makochi wa zamani anaweka misumari midogo mdomoni, anaitoa mmoja mmoja kwa ulimi huku mkono wa pili unavuta kitambaa. Huyu yeye anaiweka hata siku tunayotumia stepla. Ukimuuliza habari za nyumbani anakuonyesha mdomo umejaa. Nimefanya naye kazi muda mrefu na ninachokijua kwake ni saizi ya viatu vyake. Dada akatoka akaongea naye taratibu, akamweleza ni nini na nani watasikiliza, akamwambia anaweza kukataa. Misumari akatema misumari yote kiganjani, akaniwekea mimi mkononi, ikiwa na mate, akasema sawa.

Wakaingia sebuleni. Mama akazima redio na kunipa amri nisigonge chochote. Kochi lilikuwa chini ya dirisha la sebule, na mimi nilikuwa kwenye kochi. Sikwenda kudukiza. Masikio ndiyo yalikuwa upande ule.

Mwanzoni nilimsikia dada tu, anamwambia simu inarekodi, na kwamba akitaka wasimamishe aseme. Sauti ilikuwa ya kwake lakini siijui. Haikuwa na haraka. Akiuliza swali ananyamaza kweli, hakurupuki na jibu lake mwenyewe kama anavyonifanyia mimi. Halafu Misumari akaanza. Jamani, yule mtu anaongea. Mengi aliyoyasema si ya kuandika hapa, ni yake. Yalitoka kama maji ya bomba lililofungwa wiki nzima, kwanza linakohoa, halafu huwezi kulizuia. Nikawa nimekaa pale na misumari yake mkononi, wivu unanipanda pande mbili. Huyu aliyeninyima hata salamu anammwagia dada. Na dada aliyeninyima sikio anampa huyu.

Ningevumilia, lakini akanigusia mimi. Alisema kwao hakuna anayejua kama amerudi au amelala njiani. Halafu akasema, "Mwenzangu nikimtazama namwonea wivu. Akichelewa anagombezwa. Ana dada wa kumsikiliza."

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka mlango umegonga ukuta na mimi niko katikati ya sebule.

"Dada yupi wa kunisikiliza?" nikamwambia Misumari. "Huyu? Huyu hajawahi kuniuliza hivyo hata siku moja. Leo ndiyo mara ya kwanza naisikia sauti hiyo, na nimeisikia dirishani kama mwizi."

Misumari akatazama sakafu. Dada hakupandisha sauti. Ningefurahi kama angenitukana.

"Nimekusikia," akasema. "Sasa hivi niko na mtu. Naomba utoke, ufunge mlango."

Nikatoka. Na nikiwa bado nimeshika kitasa nikamsikia anamwambia Misumari pole, anamuuliza alijisikiaje mimi nilipoingia. Yeye ndiye aliulizwa. Mimi niliyepasuka, hakuna.

Walimaliza. Misumari akatoka macho mekundu, akanyoosha kiganja, nikamrudishia misumari yake, akaiweka mdomoni na kuendelea na kazi kana kwamba hajawahi kuzaliwa na ulimi. Mama alipomuuliza kama anaweza kurudia mara nyingine, alitikisa kichwa kukataa. Ilikuwa imetoka, basi.

Dada akanifuata uani, simu mkononi. Akaniambia ile rekodi haiwezi kukatwa, chuo hawataki iliyokatwa. Misumari amekubali itumwe. Lakini na sauti yangu imo, na yangu bila ruhusa yangu haiendi.

"Si utume tu," nikasema. "Nani atajua?"

"Mimi."

"Na nikikataa?"

"Basi tena. Nitaomba mwaka kesho, wakinitaka." Alisema akitazama ukuta.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga kanga vizuri kama mtu anayesubiri majibu hospitali. Mara ya kwanza tangu nizaliwe, safari ya dada ilikuwa mfukoni mwangu. Sitadanganya, ilikuwa na ladha. Niliiacha ikae kidogo.

"Ukipata utaondoka," nikamwambia.

"Nitaondoka."

"Na huko utawafundisha watu baki kusikiliza watu baki."

"Ndiyo kazi yenyewe." Akakaa kwenye mkono wa kochi, juu ya kitambaa kipya, na mimi sikumfukuza. "Nilikosea kufanyia hapa nyumbani," akasema. "Na nilikosea kumchukua rafiki yako wakati wewe upo nje ya dirisha. Nikitoka pale shuleni nimechoka na sauti za watu, nikikuona nafurahi kwamba wewe huna shida. Nilitaka sana uwe huna."

"Hilo utaliandika kwenye makosa?"

"La hapa nyumbani na la rafiki yako, ndiyo. Hilo la mwisho halihusu chuo."

Nilitaka aendelee. Nilitaka anyamaze vile alivyomnyamazia Misumari, aniache nijae mpaka nimwagike. Lakini alikuwa dada, akaangalia saa ya simu, na mimi nikaona amefika mwisho wake.

"Washa hicho kitu," nikasema.

Akawasha rekodi mpya. Nikaisogelea simu. "Mimi ni mdogo wake, yule aliyegonga mlango. Nakubali itumwe. Ila mjue anayeongea humo vizuri hivyo, nyumbani haongei hivyo."

Dada akacheka huku anafuta jicho, akasema asante, na akakimbilia ndani kabla sijabadili mawazo. Mama naye nyuma yake, anauliza imekwenda, imekwenda. Nikawasikia wote wawili wamekaa kwenye kile chumba nilichofukuzwa, wanasubiri simu iseme imepokea. Wivu haukuwa umeondoka hata kidogo. Ulikuwa umehama tu, sasa nawaonea watu wa chuo kile nisichokijua, watakaokaa mezani wamsikilize dada yangu mpaka mwisho.

Sikusubiri. Mama wa saluni alikuwa ameshapiga simu akilalamika kwamba viti vyake vinawachoma wateja springi, na nilimwahidi kwenda kuvipima. Nikachukua futi ya utepe, nikamwambia Misumari amalizie mgongo wa kochi, nikatoka.