Njia ya Gari Uani kwa Firmin

Ilikuwa mwaka 2016. Hapana, 2017, maana 2016 Mzee Burhani alikuwa bado mtaa wa Berea, kusini huko ugenini, ghorofa ya sita, na nani anashusha injini ghorofani? Mwaka huo ndipo alipohamia Rosettenville, uani kwa Firmin, Mkongomani mwenye nyumba, yeye na mkewe Ummi na gari kuukuu lililoingia likivutwa kwa kamba. Kwao Tanga aliondoka juu ya mizigo ya lori la watu, akaapa kurudi ameshika usukani wake.

Gari lilivuja mafuta. Akaosha injini, akainyunyizia poda ya watoto, akaiwasha; palipolowa ndipo palipovuja. Akabadilisha sili ya mbele inayozuia mafuta, mafuta yakatokea nyuma. Akaziba nyuma, injini ikaanza kugonga: beringi zimelika. Ikabidi aishushe yote, apeleke krenki, ule mhimili unaozunguka ndani, ikachongwe, kisha atafute beringi nene za kulingana nayo.

“Linakunywa mafuta kuliko wewe chai,” Ummi alimtania. “Tanga tutafika kweli?”

“Tutafika, mama. Beringi tu.”

Firmin akaleta matofali. “Papa Burhani, najenga vyumba vya kupangisha. Toa motokari nje, weka barabarani.”

“Haina injini, bwana. Nikiilaza nje, asubuhi nitakuta kivuli chake.”

“Bon, ibakie. Njia nitakuachia, usiogope.”

Kuta zikapanda. Burhani, mgongo chini uvunguni mwa gari, aliona miguu tu ya waashi ikipita na zege, akasema moyoni, Firmin ni mtu wa ahadi.

Hatimaye akafunga beringi, akarudisha injini, akawasha. Haigongi. Boksi alilotandika chini, kavu. Ummi akapiga kigelegele, akaanza kufunga cherehani yake kwenye shuka. Burhani akatia gia, akapita choo, akakata kona, akakanyaga breki.

Njia ilikuwepo. Ilimtosha mtu na ndoo yake.

Na chumba cha pembeni alishaingia Murielle, msusi, na kichanga chake. Ubomoe ukuta, umlaze wapi mzazi na baridi hii ya Julai? Firmin akajikuna kisogo. “Eish, papa.” Akaingia ndani.

Ummi aliifungua cherehani kwenye shuka. Tangu hapo, kila Jumapili Burhani huwasha injini isigande, hukaa nyuma ya usukani, wapangaji wakijibana kupita na maji yao, naye huuliza dirishani, kwa upole uleule:

“Firmin ndugu yangu, njia hii uliipima kwa gari, au kwa mtu?”