Majibu Matatu ya Damu ya Mama Louise

Mama Louise Tshilombo alikuwa amekaa mjane miaka minane alipokubali kuolewa tena, na hata kukubali kwenyewe kulimchosha. Tata Badibanga, fundi umeme katika kampuni moja ya mgodi, naye alikuwa amefiwa na mke. Kila alipopata nafasi alipita kwenye meza ya vitenge ya Louise sokoni Kolwezi, akashika kitambaa asichokihitaji, akauliza bei, akaondoka. Siku moja Louise alimwambia aviache vitenge, aseme kilichomleta. Akasema. Watoto wa pande zote mbili walikuwa watu wazima, na hakuna aliyepinga. Mchungaji alifurahi, ila akawakumbusha kwamba kanisani kwao watu hawafungi ndoa bila kupima damu.

Louise alienda kwenye labo, maabara ndogo karibu na soko, kwa sababu hakutaka kuacha meza muda mrefu. Alipimwa kila kitu walichokuwa nacho. UKIMWI hakuna, kaswende hakuna, sukari nzuri. Mwisho kabisa palikuwa na neno herpès, na mbele yake positif, yaani ipo. Alimuuliza kijana wa dirishani maana yake. Kijana alimjibu kwamba ni ugonjwa wa kulala na watu, tena hauondoki mwilini. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja bei, kisha akamwita aliyefuata.

Louise alirudi sokoni, akauza hadi jioni. Hakuwa amewahi kupata kidonda sehemu za siri. Tangu afiwe hakuna mwanaume aliyemgusa, hata Badibanga. Kwa hesabu yake alibaki mtu mmoja tu, naye alikuwa chini ya udongo: Symphorien Ntambwe, mume wake.

Walikuwa wameishi pamoja maisha marefu. Miaka ile ya fujo, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Kolwezi, nao wakiwamo, walilala stesheni wakingoja treni, na Symphorien alisimama foleni ya maji tangu alfajiri ili mtoto wao wa kwanza anywe. Walirudi baadaye, wakaanza upya. Kisha alipata kazi ya kutengeneza reli upande wa Dilolo, akakaa kule msimu mzima. Louise hakuwahi kuiwazia Dilolo jambo lolote. Sasa aliiwaza akipika, aliiwaza akikunja vitenge. Alikumbuka kwamba mumewe alirudi na shati jipya. Alikumbuka kwamba alikuwa kimya wiki nzima. Mambo ambayo wakati ule yalikuwa uchovu wa safari yalianza kuonekana kama kitu kingine, na mwenyewe hakuwepo wa kuulizwa.

Mwezi wa nane ulipofika, Tshiela, dada wa marehemu, alikuja kutoka Tenke kama kila mwaka, kwa ajili ya ibada ya kumbukumbu. Alikuta wanawake wa ukoo wamekwisha kukaa uani kwa Louise wanachambua sombe, majani ya muhogo. Akauliza wanaenda makaburini siku gani.

"Mi siende," Louise alisema. "Ndugu yako aliniachia ugonjwa mu damu. Wende umuulize ye mwenyewe."

Wanawake waliacha kuchambua. Tshiela alisimama. Alichukua mkoba wake, akaenda makaburini peke yake, na kutoka huko akapanda basi la kurudi Tenke.

Badibanga alipoambiwa, Louise alitegemea kwamba ataondoka, na kwa namna fulani alitaka aondoke ili mambo yaishe apumzike. Badibanga aliiomba karatasi, akaisoma. Kisha akasema, "Mama Louise, labo haiko Mungu. Tuende kwingine."

Walienda kwenye kliniki kubwa zaidi. Huko herpès aina ya pili, ile inayosemwa kuwa ya sehemu za siri, ilitoka négatif, yaani haipo. Badibanga alicheka kwa nafuu. Louise hakucheka. Alitaka kujua kwa nini aliamini karatasi ya kwanza upesi vile, na sasa aiamini ya pili kwa sababu gani. Alipoenda Lubumbashi kununua mali, alipima mara ya tatu. Jibu la Lubumbashi lilileta jambo jingine: aina ya kwanza ipo, tena wazi kabisa, aina ya pili, shaka. Neno lenyewe ndilo liliandikwa hivyo, douteux. Louise alisafiri kurudi akiwa amekaa juu ya marobota yake, gari likifuata malori ya madini yasiyoisha, vumbi likiingia kila mahali, akiwaza kwamba amelipa ili aambiwe shaka, kitu alichokuwa nacho tayari.

Shemasi mmoja wa kanisa alimwelekeza kwa Daktari Nkulu, mwanamke wa makamo aliyekuwa akipokea wagonjwa katika mtaa wa Manika. Louise alimwekea majibu yote matatu mezani, akamwambia achague moja, lolote, yeye atalishika hilo.

Daktari hakuchagua. Aliuliza kwanza kama amewahi kutokwa na vipele vya maji mdomoni baada ya homa. Louise akasema vile vinamtoka tangu utoto, na mama yake pia vilikuwa vinamtoka. Daktari akasema hiyo ndiyo aina ya kwanza: watu wengi sana wanaipata wakiwa wadogo, kwa mabusu na mate ya wakubwa, na hakuna aliyefanya kosa. Kuhusu karatasi ya sokoni, alisema kipimo chao kilikuwa cha aina iitwayo IgM, tena hakitenganishi aina hizi mbili.

"Hii uiache, mama," alisema. "Inadanganyaka sana. Sisi hatuifuatake."

Lile la shaka alilieleza polepole. Kipimo cha damu hakioni ugonjwa wenyewe. Kinatafuta alama ambazo mwili umetengeneza kujikinga. Kikiona alama nyingi, kinasema ipo. Kikiona chache mno, kinasema shaka, na mara nyingi kimekosea, hasa kwa mtu ambaye tayari ana ile aina ya kwanza, kwa sababu alama za aina hizo mbili zinafanana. Dawa ya shaka ni kungoja miezi mitatu na kurudia. Na siku yoyote akitokwa na kidonda, asingoje: aje hapohapo wachukue majimaji ya kidonda chenyewe, maana hayo yanasema ukweli kuliko damu.

Louise aliuliza kama kungoja hivyo kutamuua. Daktari akasema hapana. Basi akangoja. Badibanga naye alipima bila kuombwa, akatoka na aina ya kwanza kama yeye, na hawakulizungumzia zaidi. Mvua zilianza, barabara za mtaa zikawa tope jekundu, meza ya vitenge ikafunikwa plastiki. Watu walimuuliza ndoa ni lini, akachoka kujibu.

Kipimo cha mwisho kilitoka négatif kwa aina ya pili. Daktari Nkulu alisema kwa hili sasa anaweza kulala usingizi, karibu hakika hana. Louise hakusimama.

"Basi bwana yangu," alisema, "alinifanyia kitu ao hakunifanyia?"

Daktari alivua miwani. "Mama, damu haijue mambo ya nyumba. Haiseme siku, haiseme jina. Hata ingekuwa positif, isingesema. Na hii négatif haiseme kama alikuwa muzuri. Ile unaijua we mwenyewe."

Aliposikia hayo, Louise alihisi kama amerudishiwa mzigo aliokuwa ameuweka chini. Alikaa nao wiki moja. Kisha akapanda basi la Tenke.

Tshiela alimkaribisha, akampa maji, akamwandalia bukari, ugali wa kwao, na samaki. Louise alieleza yote, kuanzia labo ya sokoni. Alisema amekosa. Alisema hajui Dilolo kulikuwa na nini, hatajua kamwe, lakini alimchafua mtu kwa karatasi asiyoielewa. Tshiela alisikiliza hadi mwisho.

"Kaka yangu hakukuwa malaika," alisema. "Mi namujua. Lakini ulimusema mbele ya batu. Mi ukiniambia hapa mu nyumba, ile haitoshe."

Kwa hiyo Jumapili moja wanawake walewale walikaa tena uani kwa Louise, na Tshiela akiwa kati yao. Louise alisimama, akasema habari za damu yake mwenyewe mbele ya watu, jambo ambalo asingelifikiria zamani. Alisema alikuwa amelichafua jina la Symphorien kwa jambo asilolijua.  Hakuna aliyempigia makofi wala kumlaumu; mmoja aliuliza kama chai ipo. Baadaye, wengine walipoondoka, mke mdogo wa shemeji yake alibaki akiosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba naye ana karatasi kama ile, aliificha mwaka mzima, akauliza anwani ya daktari ni wapi. Louise alisema watakwenda pamoja.

Ndoa ilifungwa Jumamosi ya mvua, bila msafara. Tshiela alikuja akachelewa, akakaa safu ya nyuma, akaimba nyimbo zote. Jioni Badibanga alimuuliza mkewe kama ana furaha. Louise alifikiri kwanza, kwa sababu alitaka kumjibu kweli. Alisema miguu inamuuma, na kwamba Jumatatu hatafungua meza, atabaki nyumbani naye.