Mado, Binti ya Ine

Ndiyo, hata mimi nilikuwaka mu kitabu. Musinikatalie mbele sijamaliza. Mimi mwenye sijaikalaka hata siku moja ku kiti ya masomo, mimi mwenye nikishika kalamu munasema nimeshika mwiko, nilikuwa mu kitabu, tena si moja. Vitabu saba, na vyote vya français.

Kitu yenye imenikumbusha ni kinu. Hapa Cimpunda, chini ya nyumba yetu, jirani anatwanga sombe tangu asubuhi. Siku hizi batu wengi banaipeleka ku mashini, inasagwa mara moja na kelele ya kutoboa masikio, lakini ule mama hana haraka. Tu, tu, tu. Halafu arufu ya yale majani mabichi ya muhogo inapanda mu kanjia mpaka ku mulango yangu. Na mujukuu wangu iko pembeni, ananisomea kitabu yake, moja ya vile vitabu vinafuatanaka, namba moja, namba mbili, na kila mara ni bale bale babinti marafiki, banagombana, banapatana, banalia, banagawana beignet za sukari. Anasoma muzuri. Mimi natega sikio moja kwake, lakini ingine imeshaenda ku kinu.

Wakati ile tulikuwa tunaikala Kadutu, ku mutelemuko wenye mvua ikinyesha unasikia mawe yanateremuka kama batu banakimbia. Parseli moja, nyumba tatu. Furaha alikuwa mutoto wa karani, na baba yake alikuwa anavaa kravati hata siku ya kwenda kununua makala ya kupikia. Nabintu na mudogo wake Faida, baba yao alikuwa mushonaji. Bale batatu balikuwa banasoma kwa ba masere, batawa wa misioni. Kwetu, mama alikuwa anauza ndizi ku soko, na baba alikuwa na sauti kama ngoma yenye imenyeshewa. Siku mama alimuomba nami nianze masomo, alisema: «Binti asome nini? Moto haisomwake.» Basi bale balienda ku masomo, mimi nikabaki na moto.

Kitu moja nilikuwa nayo ni sauti za batu. Padri alikuwa anasema misa kama mutu anahesabu mbuzi na anaona moja imekosa, nilikuwa namufanya. Masere mukubwa alikuwa anaita batoto kwa mapua, nilikuwa namufanya. Hata imbwa ya karani nilikuwa naifanya, mpaka imbwa yenyewe inatoka kutafuta mwenzake. Wewe unacheka? Ngoja kidogo, wewe pia nimeshakusikia vile unakohoa.

Sasa, ba masere balikuwa na kabati ya vitabu vidogo vidogo. Kila ijumaa mutoto mwenye alifanya muzuri anapewa kimoja, anakifunga mu gazeti, anakirudisha jumatatu bila doa. Furaha alikuwa anafanya muzuri kila juma. Vilikuwa vya babinti tatu benye balikuwa banasoma na kulala ku masomo moja kule Ulaya: Solange, Odette na Claire. Lakini jumamosi ilikuwa siku ya kutwanga sombe ya siku ya Mungu, na ile ilikuwa kazi ya Furaha. Njo tulipatana hivi: mimi na Nabintu tunatwanga, kila mutu na muti yake ya kutwangia mu kinu moja, ya kwake ikishuka yangu inapanda. Faida anachambua majani. Furaha anaikala juu ya beseni yenye tumegeuza, macho yanasoma français, kinywa inatoa Kiswahili. Akifika ku mwisho wa ukurasa ananyoosha kidole. Tunasimamisha miti, anageuza, tunaendelea.

Mama yake alikuwa anatusikiliza toka ndani. Hakujali hadithi, alisikiliza kinu. Ikinyamaza kidogo, ile sauti yake ya kukokota inatoka ku dirisha: «Sasa hiyo sombe, ni Roho Mutakatifu njo anaitwanga?»

Siku ya kwanza kabisa, mbele ya kuanza, baligawana bale babinti. Nabintu akasema yeye ni Solange, juu Solange alikuwa na nywele nyingi. Faida akachukua Odette. Furaha mwenyewe akawa Claire. Mimi nilikuwa na muti mukononi, jasho inateremuka ku shingo, nikauliza: «Na mimi?»

Nabintu alitazama chini mu kinu. Unajua yale macho ya batu bamegawana nyama na bameona mutu mumoja hakupewa? Yalikuwa yale. Furaha akageuza ukurasa, akatazama, akageuza tena, halafu akasema polepole: «Ngoja. Wa ine anaingia hapa.»

Njo Mado aliingia. Alikuwa binti ya mupishi wa ile masomo. Hakuingiaka mu klasi, alikuwa anasimama inje ku dirisha na ndoo yake, anasikiliza, na alikuwa anajua kuiga sauti ya kila mwalimu. Solange na benzake bakipata shida, ni Mado njo anabatoa. Siku moja aliita kwa sauti ya mukubwa wa masomo mpaka mulango ikafunguliwa na balinzi. Mimi nilitwanga ile siku kwa nguvu mpaka sombe ikaturukia mu macho.

Kutoka pale hakuna mwenye aliniita tena jina yangu mu parseli. Nilikuwa Mado. Nikienda ku maji, nilikuwa naenda kama Mado, kichwa juu. Baba akinifokea, nilikuwa najiambia: huyu hajui anasemesha nani. Muone vile ilikuwa. Benzangu balikuwa na iniforme, balikuwa na ba masere, balikuwa na kitabu yenye kufungwa mu gazeti. Mimi nilikuwa na Mado tu. Njo alikuwa kiti yangu kati yao, na bila ile kiti nilikuwa tu mutoto wa kutwanga sombe ya benyewe.

Sisemi sikuonaka kitu. Ku kurasa za Mado, Furaha alikuwa anasoma polepole zaidi, na macho yake yalikuwa yanapanda juu, ku mabati, kama mutoto anayeulizwa katekisimu. Mimi nilifikiri ni français ya pale njo ilikuwa ya nguvu. Na ku jalada ya kitabu balichora babinti tatu tu. Nilimuuliza Furaha: Mado iko wapi? Alijibu bila kushituka: «Iko nyuma ya ule mulango. Haionekane.» Nikatazama ule mulango siku nyingi. Nilikuwa karibu ya kumuona.

Tulifika ku kitabu ya saba. Ile jumamosi, dada mukubwa wa Furaha, Espérance, alikuwa amekuja mu vakansi ya masomo yake. Alikuwa anasoma mbali, na alikuwa amerudi na mapua mupya: kila neno ilikuwa inapita ku mapua mbele ya kufika ku kinywa. Furaha alikuwa na kikohozi, basi Espérance akachukua kitabu, akaikala juu ya beseni, akasema yeye njo atasoma, tena yeye anajua kutamka.

Furaha alitaka kumunyanganya. Niliona mukono wake unatoka na unarudi.

Espérance akasoma. Solange alikuja, Odette alikuja, Claire akapoteza barua ya mama yake. Ukurasa ikageuzwa, na ingine, na ingine. Mimi natwanga, nangojea. Mwisho nikasimamisha muti. Nikauliza Mado anatokea wapi. Akaniuliza Mado gani. Nikamueleza, binti ya mupishi, mwenye ndoo, mwenye sauti. Akarudi nyuma mu kitabu, akapita majani yote mpaka ya mwisho, na kidole yake inateremuka kila mustari, kama mutu anatafuta mawe mu muchele. Halafu akaenda kuleta namba sita, yenye ba masere balikuwa bamemuachia Furaha, akatafuta hata mule ndani. Akasema bila ubaya yoyote, na hiyo njo iliniumiza zaidi, kama hakuna Mado ndani, hakujakuwaka, babinti ni tatu, hata mutoto mudogo anaona ku jalada.

Nabintu akacheka. Si kicheko ya kunichekelea, leo najua, ni ile ya kukosa pa kuweka macho. Faida akaendelea kuchambua majani yenye yalikuwa yameshachambuliwa. Nikatazama Furaha nijue kama ni kweli. Alikuwa amefunga kinywa yake na mikono mbili.

Mimi nilikuwa na silaha moja. Nikaweka muti chini, nikageuza macho ku mabati, nikamufanya Furaha. Sikuwa nimemufanyaka hata siku moja, juu rafiki, mutu hamufanye. Nikamufanya vile alikuwa anavuta maneno, vile alikuwa anameza mate, na ule uongo wa mulango. «Iko nyuuuma ya ule mulango...» Espérance akacheka mpaka akashika tumbo. Bote bakacheka. Niliwafurahisha kabisa. Furaha akaingia ndani, na mama yake akaanza kuuliza ku dirisha kama sombe imelala.

Sikutwanga tena ku ile kinu. Nilijiambia alinihurumia, na huruma ya mutoto wa karani ni kama nguo ya mutu, unaivaa lakini bote banajua. Mama aliona nimekonda, akanisemesha mara moja tu: «Mutu akikupatia kiti, ikala. Usimuulize kama ni ya kuazima.» Mimi nikajifanya sisikie.

Furaha aliolewa Luvungi, kule mu joto. Kisha myaka mingi, mama moja mwenye kuleta muchele toka kule aliniambia ku soko kwamba Furaha alishakufa, na balizika mutu mwenye batoto wa kule balikuwa banapenda kumusikiliza. Nilipima muchele yangu, nikarudi.

Kuelewa ilinikuta mu jikoni. Nilikuwa ninawaambia batoto wangu hadithi ya sungura, na mutoto wa jirani, kale kenye muguu mubaya, alikuwa amesimama ku mulango, haingie, hatoke. Bila kufikiri nikasema: «Na pale, kakatokea kasungura kenye muguu moja, kenye akili kushinda bote.» Nikaona uso ya ule mutoto. Akaingia. Akaikala. Na mimi nikabaki na mwiko juu, sijui tena hadithi inaenda wapi. Haikuwa huruma. Nilimutaka tu ndani. Na nilijua kama kesho nitatafuta tena kitu ya kumupatia ule kasungura, na kesho kutwa, na ni kazi. Furaha aliifanya vitabu saba.

Na nilikuwa na namna ya kuijua mapema, hii njo inanikalisha kimya wakati mukifikiri nimelala. Jumatatu yenye ilifuata ile jumamosi, Furaha alikuja kwetu akitoka ku masomo, na iniforme bado mwilini. Alikuwa na kaye, daftari ya masomo. Akaifungua mbele ya uso yangu: mistari ya bleu, ukurasa kwa ukurasa, mpaka mwisho. Akasema ni Mado. Akasema kila ijumaa, hata ya ile namba saba, alikuwa anamuandika na kumushika mu kichwa, kusudi jumamosi asikosee mbele yangu. Akaomba anisomee kidogo tu.

Mimi nilitazama ile wino. Sikujua kusoma. Ingeweza kuwa Mado, ingeweza kuwa hesabu ya sabuni ya mama yake, na mutu mwenye alinionyesha mulango bila mutu nyuma yake, nitamuamini namna gani? Nilikuwa nachagua maharagi. Nikarudisha macho mu sahani, na nikamujibu kwa sauti yangu mimi mwenyewe, yenye sikuazima kwa mutu:

«Mado alikufa jumamosi. Usirudi tena hapa.»