Nilimponza Mama wa Watu kwa Ajili ya Gari la Dizeli

Kosa ni langu. Naomba nianze na hilo kabla hujanionea huruma. Usinitafutie utetezi, usiseme "ah, ni sheria za Wazungu hizo." Barua walituma mapema, na mimi nilizisoma. Aliyekosa ni mimi, mwanamke mzima wa miaka arobaini na nane, mwenye akili zangu timamu.

Sina wa kumwambia hapa. Wanaonijua kanisani wakisikia yote watanitema, na watakuwa na haki. Ndiyo maana nakuandikia wewe usiyenijua. Nisikilize tu, ukitaka kunitukana subiri nimalize.

Mimi ni Mtanzania, mtu wa Morogoro, naishi Brussels, mtaa wa Saint-Gilles, ghorofa ya tatu ndani ya nyumba ya kizamani iliyokatwakatwa vyumba. Kazi yangu ni kupika. Ukiona Waswahili wa mji huu wana harusi, kipaimara au msiba, jua pilau ni mkono wangu. Na mpishi wa shughuli bila gari si kitu. Masufuria ya watu mia mbili huyapandishi kwenye tramu, jamani!

Gari lenyewe lilikuwa van ya dizeli, rangi ya kijivu, kuukuu. Nililitoa Ujerumani kwa Mkenya mmoja anayeuza magari kama maandazi. Bei ilikuwa ya kutupa na nilijua kwa nini: kule kwao mijini walishaanza kulikataa kwa ajili ya moshi. Mimi nikalileta Brussels, nikalisajili, nikajiona mjanja. Nikaliita Mume Wangu, maana yule wa kwanza alinikimbia, na hili liliwaka hata kwenye barafu. Kanisani walinitania, "Mumeo hajambo?" Nami nawajibu, "Anakohoa kidogo, ila anafanya kazi kuliko wenu."

Huko kukohoa ndiko kulikotuponza.

Hapa kuna eneo la hewa safi, wenyewe wanaliita LEZ, na si mtaa mmoja, ni mji wote. Kamera zinasoma pleti namba. Gari lenye injini ya zamani likikutwa barabarani, faini inakufuata nyumbani. Kila baada ya miaka michache wanakaza kamba, na siku moja barua ikaja kuniambia zamu ya gari langu imefika. Nikaiweka juu ya friji. Faini ya kwanza ilipokuja nikalia kama nimefiwa.

Ningeuza. Kuna vijana wa Kikongo wananunua magari ya namna ile, wanayapeleka bandarini Antwerp, yanaishia Afrika. Nikajifanya mtu wa maana: "Siwezi kuwauzia ndugu zangu moshi uliokataliwa na Wazungu." Maneno mazuri, sivyo? Uongo mtupu! Nilikuwa nalipenda gari langu na sikutaka kuanza upya, basi.

Sasa nikuambie kuhusu Maman Odile.

Maman Odile ni mjane kutoka Likasi, kule Katanga, ana miaka sabini na nne. Kisukari kimemkatisha mguu mmoja, na figo zake zimechoka. Mara tatu kwa wiki anasafishwa damu katika hospitali kubwa ya Jette. Alikuwa na nyumba palepale Jette, nyumba ya serikali ya watu wasio na kitu, chini kabisa, mlango mpana wa kupita kiti chake cha magurudumu, bafu lina vyuma vya kushikilia. Kutoka kwake hadi hospitali alijiendesha mwenyewe kwa kiti, dakika kumi. Nyumba hiyo aliingojea miaka kumi na moja. Kumi na moja! Alikuwa akinionyesha bomba la maji moto kama anayenionyesha mjukuu.

Kila Jumapili nilimpelekea chakula na kumfulia. Yeye aliniita "mutoto yangu," na sikuwahi kusikia neno hilo likisemwa kwa upendo namna ile tangu mama yangu afe.

Siku moja baada ya misa mama mmoja akanidokeza kwamba ukiwa na mlemavu mwenye kadi ya ulemavu ya serikali, anayeishi nyumbani kwako, gari la nyumba hiyo linaweza kusamehewa. Simlaumu. Hakuniambia nidanganye. Kudanganya nilikufikiria mwenyewe, tena kabla sijafika kituo cha tramu.

Nikamwendea Maman na bakuli la maharage ya nazi. Nikapiga magoti mbele ya kiti chake.

"Maman, naomba uhamie kwangu."

Akacheka. "Kwako? Kule juu? Kiti yangu itapanda na mabawa?"

"Kwa karatasi tu, Maman. Anwani tu. Wewe unabaki hapahapa."

Kicheko kikaisha. "Mutoto yangu, adresse yangu njo nyumba yangu. Nilingoja onze ans. Kama banasema sikai tena hapa, alors?"

"Nani atasema? Ni karatasi. Miezi sita tu, nikusanye nguvu nibadilishe gari."

Hapo ndipo ulipo ujinga wangu, kama ni ujinga. Mimi nimekulia nyumba ambayo anwani yetu ilikuwa sanduku la posta la shule ya msingi. Barua zetu, za mjomba, za nusu ya mtaa, zote zilipita humo. Kumpa mtu anwani kwetu ni kama kumpa chumvi ya kuungia mboga, nani atakunyima? Lakini Ubelgiji anwani ndiyo mtu mwenyewe. Pensheni, matibabu, nyumba, vyote vimening'inia hapo. Na mimi nilikuwa nimekaa nchi hii miaka kumi na saba. Nilijua. Nilijua, nikajifanya mtu wa sanduku la posta.

Maman aliyageuza maharage kwa kijiko mpaka yakapoa. "Bon," akasema mwishowe. "Unanipikia, unanifulia. Weye hauna mama, mi sina mutoto hapa. Kama njo hivi nakusaidia, tufanye."

Manispaa wakishaandika, polisi wa mtaa anakuja nyumbani kuhakikisha kwamba mtu kweli anakaa hapo. Asubuhi hiyo nilimbeba Maman Odile mgongoni ngazi zote, jirani yangu akimshikilia kwa nyuma asianguke. Nikamlaza kitandani kwangu, nikapanga dawa zake mezani, nikatundika rozari yake ukutani. Mama wa watu, mguu mmoja, namfanya mwigizaji! Polisi alikuwa kijana mpole. Akamuuliza kwa Kifaransa kama analala hapa. Maman aliniangalia mimi kwanza, kisha akasema ndiyo.

Wakati namshusha akaninong'oneza sikioni, "Leo nilibeya muntu ya serikali, nilimudanganya. Tangu nizaliwe sijafanya ile."

Mimi nikacheka! Nikamwambia, "Mungu naye anaelewa shida za wapishi, Maman." Yeye hakucheka.

Msamaha ukatoka. Nilipiga vigelegele jikoni peke yangu. Nikalipitisha Mume Wangu mbele ya kamera zote za mji huu, nyingine nikizipungia mkono.

Lakini anwani ikihama, barua nazo zinahama. Barua zote za Maman Odile zikaanza kuingia kwenye sanduku langu. Za mwanzo nilimpelekea. Kisha msimu wa harusi ukaanza, nikawa nazitupia kwenye droo ya vijiko, nasema Jumapili, Jumapili. Moja ilitoka ofisi ya nyumba yake. Baada ya wiki kadhaa ikaja nyingine kutoka hukohuko.

Ya tatu niliifungua. Yote niliyokuambia mpaka hapa ni makosa, lakini hili ndilo kosa lenyewe. Barua ilisema: tumeona hukai tena katika nyumba yetu, njoo siku fulani ujieleze, usipokuja tutaichukua. Zilikuwa zimebaki siku ishirini. Siku ishirini nzima! Ningempeleka Maman pale ofisini, niseme, "Ni mimi niliyemhamisha kwa karatasi, yeye hajatoka kwake hata siku moja," labda yangeisha. Lakini nikisema hivyo, msamaha wa gari umekufa. Na Jumamosi ya tatu nilikuwa na harusi ya watu mia tatu kule Etterbeek.

Nikajiambia, nipitishe harusi hii kwanza. Nikairudisha barua kwenye droo, nikaweka miiko juu yake.

Jumapili ile nilikwenda kwa Maman kama kawaida. Akaniuliza, "Hakuna barua yangu?"

"Hakuna, Maman."

Na nikala naye meza moja.

Siku ya miadi ilipita nikiwa namenya vitunguu. Harusi ilifana sana, watu walisifia biriani mpaka nikaona aibu. Jumatatu nikaogopa kupiga simu ofisini, Jumanne nikaogopa zaidi, kisha nikaacha hata kuifungua ile droo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wahenga hawakukosea.

Mwezi uliofuata Maman akanipigia simu saa nne asubuhi. "Mutoto yangu, kuko bantu hapa kwa mulango. Banasema nyumba haiko yangu tena. Kuya mbio."

Nilimkuta mwanamke wa ofisi amesimama na faili, naye Maman yuko kwenye kiti chake, ana kanga magotini. Yule mwanamke akatoa nakala za barua, nne kwa jumla, ya mwisho ya uamuzi wenyewe, akampa. Maman akazitazama moja baada ya nyingine. Juu ya kila moja palikuwa na anwani yangu. Akazikunja, akaniwekea mkononi.

Nikaanguka pale sakafuni. Nikasema yote kwa Kifaransa changu cha kuokoteza, nikalia, nikajipiga kifua. Yule mwanamke akasema anasikitika, lakini uamuzi umeshapita, muda wa kukata rufaa umekwisha, tena polisi mwenyewe ameandika kwamba alimkuta Maman kwangu, kitandani, na dawa zake. Ushahidi wote niliutengeneza kwa mikono yangu!

Tumebisha kila mlango. Wakili wa bure, mama wa ustawi wa jamii, padri. Wote jibu lao moja: aombe upya.

Gari nililiuza kwa wale vijana. Limekwenda Antwerp, sijui sasa linamkoholea nani. Maman Odile anaishi kwangu kweli, kitandani kwangu, mimi nalala chini. Hawezi kushuka. Siku za hospitali watu wa ambulensi wanambeba, siku nyingine anaangalia paa za majirani. Na kwa kuwa sasa tunahesabiwa nyumba moja, posho yake nayo imekatwa. Lakini hanifokei. Ee Mungu, laiti angenifokea! Anasali rozari kila jioni na nasikia analitaja jina langu.

Wiki iliyopita hospitalini nesi mgeni alimuuliza anwani yake. Maman akaanza kuitaja ile ya Jette, mtaa, namba ya mlango, kama anavyoisema siku zote. Akakatika katikati. Akanigeukia, macho yamejaa maji.

"Sema weye," akaniambia. "Mi siyue tena naishi wapi."

Nesi akatuangalia wote wawili, akaacha ile nafasi wazi kwenye fomu yake.

Wenzangu mnaoendesha magari ya zamani mliyoyatoa Ujerumani na Uholanzi, nawasihi. Barua ikija, liuzeni, liacheni, pandeni tramu na masufuria yenu watu wawacheke. Usiombe jina la mgonjwa. Usiombe anwani ya mtu mzima, hata akikupa kwa mapenzi. Hasa huyo anayekupa kwa mapenzi, maana hajui kukunyima. Na kama umeshafanya, na kuna barua yake ndani ya nyumba yako sasa hivi, acha kunisoma, inuka umpelekee.

Mimi nilipewa siku ishirini nikazikalia. Maman Odile ana miaka sabini na nne, na juzi pale ofisi ya nyumba wamemwandika upya, mtu wa mwisho kwenye foleni.