Nyembe Tatu za Shangazi

Kazini walimwita Wembe. Nusu ya jina ilitokana na mkono wake, nusu ya pili na ulimi. Shangazi yangu alikuwa mjalidi wa vitabu katika kiwanda cha uchapaji: kutwa anakata karatasi, anashona kurasa, anapaka gundi migongo ya vitabu. Akikata hapimi mara mbili. Akisema hasemi mara mbili.

Alikuwa na kamera ndogo, urefu wake kama kidole cha kati, nyembamba kiasi cha kufichika kiganjani. Aliachiwa na msimamizi wake wa kwanza alipostaafu. Tatizo lilikuwa filamu. Filamu za saizi ile zilikuwa zimeadimika kama maziwa ya kuku. Mtu mwingine angeiweka kabatini iwe pambo, lakini Shangazi aliamua kukata filamu yake mwenyewe.

Alichonga kipande cha mti mgumu, akachimba mfereji wa upana wa filamu ya kawaida, ile yenye vitundu pembeni, kisha akapachika nyembe tatu zilizosimama sambamba. Filamu ikivutwa chini yake hutoka mikanda miwili myembamba, na zile kingo zenye vitundu hutupwa. Kila mkanda huzungushwa na kuingizwa katika kikasha cha plastiki kidogo kama ganda la karanga, na ncha yake hubandikwa kwa selotepu kwenye bobini, kigurudumu cha kuviringishia filamu, ya upande wa pili. Yote hayo hufanywa gizani, giza totoro, maana hata mwanga wa tundu la ufunguo huunguza filamu. Chumba chake cha giza kilikuwa stoo isiyo na dirisha, kati ya ndoo na ngazi mbovu, blanketi limesokotwa chini ya mlango.

Baba yangu alikuwa kaka yake mkubwa. Aliendesha lori miaka ishirini na sita, kisha presha ya macho ikamnyang'anya uoni, kwanza pembeni, baadaye katikati, mpaka hapakubaki kitu. Mama alikuwa amekwishafariki. Shangazi, ambaye hakuwahi kuolewa na hakuwahi kulilalamikia hilo, alimchukua akae kwake. Baba akageuka mtu wa kiti kimoja. Ukimwuliza sukari imetosha, anajibu, "Yoyote." Ukimwambia twende ukapunge upepo, anasema upepo unamfuata hapohapo alipo.

Nilikuwa nikiwatembelea kila Jumamosi. Jumamosi moja asubuhi Shangazi alikuwa stoo anakata filamu, mimi nasoma gazeti sebuleni. Baba akanyanyuka kwenda msalani. Hakutaka kushikwa mkono. Alipapasa ukuta, akahesabu milango vibaya, akausukuma wa stoo kwa bega.

"Funga!" Shangazi alipiga kelele. "Funga mlango, mwanga unaingia!"

Baba aliganda, mkono kwenye kitasa.

"Mwanga gani?" akauliza.

Niliona uso wa Shangazi, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, filamu imemwagika mapajani. Midomo yake ilitetemeka, nikadhani atalia. Akacheka. Baba naye, ambaye sikumbuki nilimsikia akicheka lini mara ya mwisho, mabega yakaanza kumcheza.

"Umeniunguzia filamu nzima, kaka."

"Nisamehe. Sikuona."

Wakacheka tena mpaka Shangazi akajifuta macho kwa pindo la gauni.

"Haya, uliyoiharibu uimalize mwenyewe," akasema. "Nenda huko msalani, kisha urudi hapa."

Filamu iliyoungua haina wa kuionea huruma, kwa hiyo ndiyo aliyojifunzia. Shangazi alimwonyesha misumari miwili ubaoni, ya kupimia urefu. Alimfundisha kuweka ncha ya filamu kati ya midomo: upande unaonata ndio wenye dawa ya picha. "Na uvute taratibu," akamwonya. "Ukivuta kwa pupa hutoa cheche, na kila cheche ni doa."

Wiki za mwanzo zilikuwa za matusi. Vikasha vilidondoka, bobini zikabingirika chini ya ngazi, na Baba akaapa mara tatu kwamba ameacha. Lakini Jumamosi ikifika ninamkuta ameshaingia stoo. Kufikia mwezi wake wa tatu alikuwa anajaza vikasha vinne wakati Shangazi anahangaika na kimoja.

"Mimi nikiingia humu nawaza kutoka tu," Shangazi alikiri. "Wewe unaingia kama umefika kwako."

"Kwangu pana ndoo za kunikwaza," Baba akajibu, ila alikuwa anatabasamu. Siku hiyo alidai sukari zaidi kwenye chai.

Ndipo jambo likaharibika, na liliharibika kwa wema. Shangazi alisafisha filamu ya kwanza iliyokatwa na Baba, akakuta mkwaruzo mmoja mnyoofu umepita juu ya kila picha, toka mwanzo hadi mwisho. Filamu ya pili ikawa vilevile. Hakumwambia. Alimsifu, "Picha zimetoka safi," kisha yeye mwenyewe akawa anakwenda dukani kwa mpiga picha mmoja, anaazima chumba cha giza na kikatio cha mwenye duka, anakata filamu nyingine na kujaza vikasha upya. Mimi nilijua. Nilinyamaza, na hadi leo sijui kama nilinyamaza kwa upendo au kwa woga.

Baba aligundua baada ya miezi miwili. Alikuwa anapokea vikasha vilivyokwishatumika ili avijaze tena. Akapapasa bobini moja, akatoa ya pili, ya tatu. Akaita.

"Wembe. Njoo."

Shangazi akaja na taulo ya jikoni mkononi.

"Mimi hubandika selotepu mbili, moja juu ya nyingine. Hapa pana moja. Na hapa moja. Nani amejaza hivi?"

Shangazi alijaribu kupindisha maneno, akashindwa. Hakuwa na mazoezi. Akasema kweli.

"Kwa hiyo nimekuwa nachezea takataka," Baba akasema polepole, "na nyinyi mnanipigia makofi. Kama mtoto aliyejifunga kamba za viatu."

"Kaka, sikutaka uvunjike moyo."

"Macho yamekufa. Moyo nani amekwambia umekufa?"

Hakula siku hiyo. Shangazi hakwenda kazini kesho yake, kitu ambacho hakikuwahi kutokea. Alimletea kikatio chake cha mti, akakiweka mapajani mwake, akasema, "Mkwaruzo uko katikati ya mkanda wa kushoto na wa kulia pia. Unatoka wapi sijui. Nilidhani ni kucha zako."

Baba alichomoa nyembe zote tatu, akamkabidhi moja moja. Kisha akapitisha ncha ya kidole gumba kwenye mfereji wa mti, taratibu kama mtu anayesoma. Akarudia. Akasimama mahali.

"Hapa pana kitu. Na hapa, pacha wake. Vigumu, vidogo kama chumvi."

Shangazi akainama na tochi. Yalikuwa matone mawili ya gundi iliyokauka, gundi ya kiwandani kwake. Mwezi mmoja kabla ya Baba kuanza kujifunza, mti ule ulikuwa umepasuka, akaugundisha mwenyewe. Tangu hapo hakuwa amekata filamu nyingine kwa kikatio hicho isipokuwa ile iliyoungua.

"Nyani haoni kundule," Baba akasema.

"Sema tu, nimestahili."

"Nimeshasema."

Aliyakwangua matone yale kwa kisu, akasugua mfereji kwa msasa mpaka ukawa laini kama shavu. Filamu iliyofuata ilitoka bila doa. Shangazi alipomwambia hivyo, Baba aliuliza, "Ni kweli au ni makofi?" Shangazi akasema picha zote ni safi isipokuwa ya kumi na moja, ambayo yeye mwenyewe aliitikisa. Baba akaridhika na hiyo ya kumi na moja kuliko zote.

Siku hizi Shangazi amestaafu. Yule mpiga picha aliwaeleza wenzake, na watu wachache wenye kamera kama ile hutuma vikasha vyao vitupu katika bahasha. Baba huvifungua mezani, mchana, dirisha wazi. Juzi alishika kimoja, akaigusa selotepu iliyokunjamana.

"Huyu ana haraka," akatuambia. "Halafu huyu mwingine, mtazame, amefuta vumbi kabla ya kutuma. Mpeni nafasi ya kwanza."

Akasukuma kiti nyuma, akachukua nyembe zake, akaelekea stoo.