Fundi Rangi Asiyeangalia Juu

Fundi aliyekuja kupaka rangi sebule yetu haangalii juu. Tangu aanze kushikwa na kizunguzungu, akiinua kichwa tu chumba humzunguka, kwa hiyo yeye hupaka kuta na mkewe hupaka dari. Ana mikono mipana, kucha zimeganda rangi, na sauti ya chinichini kama ya mtu aliye karibu na mtoto aliyelala. Akitaka kuokota brashi hainami, huchuchumaa. Ukimwita akiwa amekupa mgongo hugeuka mwili mzima, taratibu, kama kabati linalohamishwa. Mkewe akiwa juu, yeye huishika ngazi kwa mikono miwili, macho ameyakaza kwenye visigino vya mama huyo.

Jana ngazi ilitoa mlio, naye akajisahau, akatazama juu. Uso ulimpauka. Akaegemeza paji la uso kwenye ngazi, akafumba macho, lakini mikono haikulegea.

“Umeniachia?” mkewe aliuliza.

“Sijakuachia. Shuka polepole.”

Mkewe alishuka, akamlaza chali kwenye turubai, akamgeuza kichwa upande mmoja, akasubiri, kisha upande wa pili, kama walivyofundishwa hospitali.

“Chumba kimetulia?”

“Bado kidogo.”

Kilipotulia, fundi alifumbua macho, akaitazama ile dari muda mrefu.

“Umeipaka vizuri, mama,” alisema. “Ila pale kwenye kona umeruka.”

Mkewe akatazama, akacheka, akachukua brashi. Fundi akakaa kwanza, mpaka miguu ilipomkubalia, kisha akaenda kushika ngazi.