Nilichezwa Mara Mbili

Kabla sijaugua nilikuwa mtu wa kucheka. Naanza hapo kwa sababu wanaonijua leo hawaamini. Nilizaliwa Mbekenyera, kwenye nyumba ya wakulima wa korosho na ufuta, na mtoto aliyesikika kuliko wote pale nyumbani nilikuwa mimi, Asumini. Nikitumwa kisimani niliweza kurudi na maji, niliweza kurudi na kuni, na niliweza kurudi na habari za harusi bila maji wala kuni. Ndoo ikifuatwa inakutwa njiani, imejaa, imekaa peke yake.

"Huyu mtoto mwili uko hapa, akili iko Ruangwa," mama alikuwa akisema. Lakini alisema huku anacheka.

Shuleni hawakucheka. Nilichapwa viganjani kwa kutazama dirishani, viganja vikavimba nisiweze kushika kalamu, kisha nikachapwa tena kwa kuwa sikuandika. Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka. Mtoto anatazama dirishani, wewe unampiga mikono. Mikono ilikuwa na kosa gani?

Nilipovunja ungo nilichezwa kama wenzangu. Kwa asiyejua, kwetu msichana akikua huwekwa ndani pamoja na wenzake, makungwi wanamfunda adabu, usafi na mambo ya ndoa, kisha hutolewa nje kwa ngoma, amevishwa kanga mpya. Hiyo ndiyo kuchezwa. Nilifurahi sana siku yangu. Sina ugomvi na unyago, na hilo mlishike, maana wapo watakaosoma haya waseme Asumini anatukana mila. Ninaowatukana ni wengine, nitawafikia.

Miaka ya tisini ilipoanza niliolewa Marambo, upande wa Nachingwea. Mume wangu Issa ni mtu wa maneno machache. Tukapata mtoto wa kike, Mwanahawa, tukimwita Hawa. Na huko Marambo ndiko nilikopewa jina la Nusu.

Jina lilitoka kwa mama mkwe. Nikifagia uwanja, katikati naona kuku kanasa mguu kwenye uzi, namnasua. Kumnasua kuku kunanikumbusha mayai. Nikienda kutazama mayai naona mtungi unavuja, natafuta mwingine wa kuhamishia maji. Jua likipanda, ufagio uko katikati ya uwanja, upande mmoja safi na upande mmoja takataka, na mbaazi jikoni zimeungua. "Nusu," mama mkwe akasema, "njoo utumalizie." Lilianza kama utani. Baadaye hata watoto wa jirani wakawa wananisalimia, "Shikamoo mama Nusu."

Kilichoniuma si jina. Kilichoniuma ni kuitwa mvivu. Mvivu analala. Mimi sikuwa nimekaa tangu alfajiri. Nilikuwa nimechoka kuliko wote waliokuwa wakinicheka, ila uchovu wangu haukuwa na kitu cha kuonyesha.

Kisha ukaja mwaka wa ufuta. Ufuta haukusubiri. Vitumba vya mbegu vikianza kugeuka njano unakata, unafunga matita, unayasimamisha yakauke, ndipo unayakung'uta juu ya turubai. Ukichelewa, vinapasuka vyenyewe shambani na mbegu zinamwagika mchangani, huziokoti tena. Issa alikuwa amekwenda Ruangwa kumuuguza kaka yake, akaniachia shamba. Siku ya kwanza nilikata kama watu watatu, na jirani alishuhudia. Kamba zikaisha, nikaenda porini kubandua magome ya kufungia. Porini nikaona miyaa mizuri ya kusukia mikeka. Nikaikata, nikaichana, nikaianika, nikaanza kusuka. Nilisuka vizuri. Akili iliporudi shambani, upande wa pili wote ulikuwa umepasuka.

Issa aliporudi aliinama, akachota mchanga uliochanganyika na ufuta, akaupuliza mkononi. Hakusema neno. Afadhali angesema.

Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanza, na aliyeuleta ni mimi. Nilijihukumu. Nikajiwekea sheria: sitii kitu mdomoni mpaka nimalize kazi zote za siku. Niliona ni haki, maana asiyefanya kazi ale nini? Na kazi za nyumba ya kijijini, wewe unayesoma, zilikwisha lini? Nilipika, nikapakua, nikamlisha Hawa, nikageuka kutafuta kazi niliyoiacha. Ugali wangu ukalala chunguni mpaka ukawa wa kuku. Nikakonda. Damu ya mwezi ikakatika. Midomo ikachanika pembeni, nywele zikawa zinatoka na kitana. Chini ya kifua palikuwa panawaka moto ambao maji hayakuuzima, na choo changu kikawa cheusi kama lami. Sikumwambia mtu. Nilidhani ndiyo adabu inaingia.

Mama mkwe hakuona kukonda, aliona uwanja. Akatuma watu Mbekenyera. Wakaja mjomba wangu, ambaye kwetu ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake, na mama mkubwa, Bi Hadija, dada yake mama. Wakakaa barazani. Mimi nilikaa chini, mlangoni.

"Huyu mtoto hakuiva," mama mkubwa alisema. "Somo wake, kungwi aliyemfunda, alikuwa mgonjwa mwaka ule. Tulimtoa ndani bado mbichi."

"Basi mkamwivishe," mama mkwe akajibu. "Akishindikana, mkae naye huko huko."

Issa akajikohoza. "Lakini mama Hawa anakonda. Si tumpeleke hospitali kwanza?"

"Hospitali wana sindano ya uvivu?" mama yake akamuuliza, na watu wakacheka.

Mjomba akasema, "Achezwe tena." Mimi sikuulizwa.

Hebu fikirieni. Mtu mzima, mwenye mume, mama wa mtoto, narudishwa Mbekenyera, nawekwa ndani na wasichana waliokuwa wakiniamkia. Walikuwa wananionea aibu mimi, wanageuza nyuso ukutani. Ya ndani sitayasema, niliapa kutoyasema, tena niliapa mara mbili. Nitasema moja tu ambalo si siri ya mila yoyote, ni ukatili wa watu. Wenzangu walipewa uji na ugali, wapate kunawiri. Mimi niliwekewa mtama wa kutwanga. "Ukimaliza utakula," mama mkubwa akasema. Nilitwanga. Mkono ukichoka akili inatoka, akili ikitoka mchi unasimama, mchi ukisimama chakula kinaondolewa. Sheria yangu na sheria yao zikawa moja. Hakuna unyago wa sisi Wamwera unaomnyima mwali chakula. Hiyo waliitunga kwa ajili yangu.

Siku ya kutoka ngoma zilipigwa, vigelegele vikapigwa, nikavishwa kanga mpya kama wasichana. Tulipoanza kucheza, tumbo lilishika kama mtu ameweka kaa la moto ndani. Nikatapika. Kwanza vikatoka vitu vyeusi kama masizi, kisha damu nyekundu, nyingi, juu ya kanga. Nikaanguka. Nilikuwa bado nasikia. Nilimsikia mwanamke mmoja akisema, "Majini hayo yanatoka, yaacheni yatoke." Na ngoma ikakolezwa.

Ngoma ikakolezwa. Natapika damu, na watu wazima wenye akili timamu, wasiosahau ndoo njiani, wanaongeza ngoma.

Aliyeniokoa ni Issa, aliyekuja kuniona nikitolewa. Wanaume walikuwa wamesimama mbali, kama inavyotakiwa. Yeye alivuka, akaingia katikati ya duara la wanawake, jambo ambalo mwanamume wa kwetu halifanyi, akaniinua. Walimzomea. Mama mkubwa alimshika shati likachanika.

"Niachieni," akasema. "Huyu ni mke wangu, anakufa."

Tulipata gari la mtu aliyekuja kununua ufuta. Nililazwa juu ya magunia mpaka Ruangwa, na kutoka Ruangwa mpaka hospitali Nachingwea mjini. Mama mkubwa alipanda pia, na huko mama mkwe akatukuta.

Daktari alinibonyeza tumbo, akanifunua macho, akapima damu. "Ana kidonda tumboni, kinavuja," akasema. "Damu imekwisha. Na mtu huyu amekaa na njaa muda mrefu. Nani alikuwa anamnyima chakula?"

Mama mkubwa akamtazama mama mkwe, mama mkwe akatazama chini.

"Mimi mwenyewe," nikasema.

Daktari akavua miwani. "Kwa nini, mama?"

"Sijamaliza kazi."

Aliwageukia wale wazee, akawatazama mpaka wakatoka nje wenyewe.

Kaka yangu alinitolea damu. Nilikunywa dawa na uji mwepesi, kisha uji mzito, kisha ugali laini. Nilipoanza kukaa kitandani, daktari akaniambia niende nikaongee na sista mmoja wa Kimakua, mnene, anayeshughulika na wagonjwa wa akili. Nikakasirika.

"Mimi si kichaa, sista," nilimwambia hata kabla ya salamu.

"Nani kakuita kichaa? Kaa. Shuleni ulikuwaje?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamweleza dirisha, ndoo, kuku, ufuta. Hakucheka. Akaniuliza kama kuna kazi yoyote ninayoimaliza. Nikataka kusema hakuna, nikakumbuka misiba. Kukiwa na msiba mimi ndiye ninayeitwa jikoni. Nashika vyungu vyote, nasimamia wapishi, hakiungui kitu, watu wanakula wanamaliza.

"Kwa nini msibani unaweza?"

Nikafikiri. "Kwa sababu watu wapo. Na maiti haisubiri."

Sista akapiga meza kwa kiganja. "Umejieleza mwenyewe. Watu wa namna yako wapo, mama, wanazaliwa hivyo, kwetu na Ulaya. Si uvivu, si majini, na hukuzaliwa mbichi. Akili yako inakwenda kwa zamu yake, haifuati zamu ya mtu. Ukiipiga haiji. Ukiinyima chakula ndiyo inakimbia kabisa."

Hali hiyo ina jina refu la kitaalamu, akanitajia. Nililisahau kabla sijafika getini.

"Sasa nifanyeje?" nilimuuliza.

"Kula kwanza. Ukishakula, tafuta mtu wa kufanya naye kazi, kama msibani, bila maiti."

Nilicheka. Kidonda kiliniuma, lakini nilicheka.

Nilirudi Marambo mifupa mitupu. Wifi yangu Zainabu, dada yake Issa, alikubali tulime pamoja: leo kwangu, kesho kwake, bega kwa bega, yeye anaongea, mimi nalima. Mtu akiwa pembeni yangu, akili inakaa. Msimu uliofuata ufuta wote ulikatwa kwa wakati, na shamba la Zainabu pia. Mama mkwe akasema, "Mtu mzima analima mpaka ashikiwe mkono." Nilitaka kumwambia kwamba yeye hatembei bila fimbo na hakuna aliyemwita Nusu. Sikusema, ni mkwe wangu. Naandika hapa.

Msidhani nilipona kusahau. Mbaazi naunguza mpaka leo. Nilichopona ni kujiadhibu. Zamani nikiunguza nilikuwa nalala njaa. Siku hizi nakula zile za juu ambazo hazikuungua. Ilinichukua muda mrefu kuliko kidonda. Mara nyingi mkono ulisita juu ya sahani, nikasikia "ukimaliza utakula," ikabidi nijiambie kwa sauti, "Asumini, kula," watoto wakicheka.

Miaka ikaenda. Zikaja simu, zikaja bodaboda, na Hawa akavunja ungo. Ni mimi mtupu. Anaanza kuosha vyombo, anaishia kumchana nywele mtoto wa jirani. Mama mkubwa, sasa mzee kweli, akaja kutoka Mbekenyera kwa bodaboda, akakuta ufagio katikati ya uwanja.

"Haya, umeyaona," akasema. "Huyu tumwingize mapema, tumkazie. Awekewe mtama, atwange amalize ndipo ale."

Nilikuwa nimeshika sahani. Sikuiweka chini.

"Shikamoo, mama mkubwa," nikasema. "Hawa atachezwa. Atachezwa mara moja, kama wenzake. Na chakula chake nitakipeleka mimi, asubuhi na jioni, nitasimama mpaka amalize kula. Mtama akishindwa kuumaliza, nitakaa naye tutwange wote. Atakayemnyima chakula mwanangu atanieleza kile daktari alichowauliza."

Akautazama ule ufagio. Kisha akasema, "Tulidhani tunakusaidia."

"Ngoma ilikolezwa, mama mkubwa."

Nilimpakulia, akala.

Nawashukuru Issa kwa kuvuka, kaka kwa damu yake, Zainabu kwa maneno yake mengi, na yule sista, popote alipo. Mungu amlipe. Na wewe uliyeitwa mvivu ukiwa umesimama tangu alfajiri, sikiliza: usijitoze njaa kwa namna ulivyozaliwa. Kula kwanza. Tafuta mtu akae pembeni yako. Ukimwaga ufuta, lia, kisha nenda kakate uliobaki. Na ninyi wenye watoto wa kutazama dirishani, wekeni fimbo chini, muwaulize wanaona nini.

Nilifanya kama nilivyosema. Asubuhi na jioni nilikwenda na sahani. Mara moja niliisahau njiani, nikairudia nikikimbia. Siku ya ngoma Hawa alitoka ndani amenenepa, mashavu yanang'aa, na uwanja wangu asubuhi hiyo ulikuwa umefagiwa nusu.